Shangazi, nasaini kwa jina la mwenzangu aliye likizo ya uzazi

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mfamasia, nina miaka 31, sita kati ya hiyo nimeimaliza nyuma ya kaunta kwetu. Nilipata mkataba wa miezi sita nchi ya nje, kushika nafasi ya mfamasia aliyekwenda kujifungua. Wakala aliniambia usajili wangu katika baraza la huko umekamilika, "umebaki muhuri tu". Nimefika, muhuri haupo. Mwenye duka akanipa nywila na namba ya leseni ya yule dada, akasema nitumie mpaka yangu itoke, ni siku chache. Leo ni siku ya 11 kazini. Nasaini kila kitu kwa jina lake, na juzi nilisaini hata daftari la dawa zinazodhibitiwa. Nikikataa, mkataba unavunjika na kibali cha kukaa kinakwenda nao, na wakala nilimlipa kwa pesa za mkopo.*

*Tena naona aibu. Nimekuwa mzito kama mwanafunzi. Wiki iliyopita mzee mmoja alitaja dawa kwa jina la biashara ninalolijua vizuri, nikanyoosha mkono kuichukua, fundi dawa sanifu akaniwahi. Huku jina hilo ni dawa nyingine kabisa! Lafudhi yangu wanaicheka. Mume wangu nimemwambia mambo ni mazuri. Nifanyeje? — Mgeni wa Kaunta*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama shangazi nikakuonea huruma. Mara ya pili niliisoma kama mtu aliyewahi kukaa nyuma ya kaunta hiyo hiyo, ugenini, kwa mkataba wa miezi minne, nikashtuka. Umeniletea mambo mawili ukayafunga kitambaa kimoja: uzito wa ugeni na saini ya mwenzako. La kwanza litakwisha lenyewe. La pili kila siku inayopita linaongezeka, kwa hiyo tuanze nalo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe umepewa siku ya kwanza, na mpini wake umeandikwa jina la mtu. Kesho usiingie kwenye kompyuta kwa nywila ile. Najua umeandika barua yote hii ukitumaini nitakutafutia njia ya kuvumilia mpaka leseni itoke. Sina.

Fikiri saini ya mfamasia inasema nini. Inasema kwamba mtu fulani, anayejulikana kwa baraza, amesoma cheti cha daktari, amepima dozi na umri wa mgonjwa, ameangalia dawa nyingine anazotumia, na yuko tayari kuulizwa. Siku mgonjwa akidhurika, atakayeitwa ni mwanamke aliye nyumbani ananyonyesha, ambaye pengine hajui kwamba jina lake bado linakwenda kazini kila asubuhi. Na wewe utakuwa umefanya kazi ya mfamasia bila usajili, jambo ambalo nchi nyingi zinalihesabu kosa la jinai. Daftari la dawa zinazodhibitiwa ndilo linalonitisha zaidi. Kila kidonge kinachoingia na kutoka humo huhesabiwa, na wakaguzi wakija hulishika hilo kwanza. Bima nayo usiitegemee, maana bima ya taaluma kwa kawaida humlinda aliyesajiliwa kwa kazi aliyosajiliwa kuifanya.

Sasa siku 11 zilizopita. Usifute chochote. Usirudi kwenye daftari kurekebisha mstari hata mmoja, maana kosa la saini likiongezewa kosa la kufuta, hakuna atakayeamini kwamba ulidanganywa. Usiku huu kaa chini, andika kwa tarehe: uliingia kazini lini, nani alikupa nywila, kwa maneno gani, na nani alikuwepo. Kama yapo katika ujumbe wa simu, uhifadhi. Kisha tafuta mwanasheria anayejua kesi za wataalamu wa afya, au chama cha wafamasia cha nchi hiyo, uwaeleze yote kabla hujaandika barua ya kukiri popote. Baraza litapaswa kujua, na ni afadhali mara mia lisikie kwako kuliko kwa mkaguzi, ila maneno ya kuliambia yapite kwanza mikononi mwa mtu anayeijua sheria ya huko.

Kwa mwajiri andika kwa upole na ufupi. Mwambie uko tayari kufanya kazi, ila dawa hutatoa wala hutasaini mpaka usajili wako utoke kwa jina lako, na unaomba akupangie shughuli nyingine kwa sasa: kuhesabu akiba, kutenga zilizokwisha muda, kuandika joto la friji linalotakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8. Hata hizo muulize mwanasheria kama kibali chako kinaziruhusu. Mwajiri mwenye nia njema ataona umemwokoa, maana leseni ya duka lake nayo iko hatarini. Akikasirika, utakuwa umemfahamu mapema.

Huo "muhuri tu" nao nina shaka nao. Mabaraza mengi huweka rejesta yao hadharani mtandaoni, kwa hiyo tafuta jina lako. Kama halimo, mwombe wakala namba ya maombi, ukiipata liandikie baraza wewe mwenyewe uulize limefikia wapi. Watu hudhani kazi ya muda ina mlango wa muda. Ndani ya Umoja wa Ulaya upo, kwa kuwa maelekezo ya mwaka 2005 yanamruhusu mtaalamu wa nchi mwanachama kutoa huduma ya muda katika nchi nyingine kwa kutanguliza tamko la maandishi. Ila mlango huo ni wa wao kwa wao, na anayetoka nje hupita njia ndefu. Uingereza, kwa miaka mingi, mfamasia aliyesomea nje ya Ulaya amekuwa akirudi darasani mwaka mmoja, halafu mwaka wa mafunzo kazini, halafu mtihani. Marekani kuna mtihani wa kulinganisha shahada, mtihani wa Kiingereza, saa za mafunzo, mtihani wa leseni, na sheria ya kila jimbo juu yake. Nchi za Ghuba huwa na haraka kidogo, lakini hata huko vyeti huhakikiwa kutoka chuo kilichovitoa kabla ya leseni. Sijasikia mahali ambapo yote hayo yanaishia kwenye muhuri uliosahaulika mezani.

Na ile pesa ya mkopo. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala binafsi wa ajira hatakiwi kumtoza mfanyakazi ada, moja kwa moja wala kwa kuzunguka, isipokuwa katika hali chache ambazo serikali imeziruhusu wazi. Si kila nchi imeuridhia, lakini nyingi zina sheria zao zenye mwelekeo huo. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwaka 2010 mwongozo wa kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje, unaotaka waelezwe ukweli wa kazi kabla hawajasafiri. Hauna nguvu ya sheria, lakini katika barua ya malalamiko unasomeka vizuri. Risiti ya wakala unayo? Kama alikataa kukupa, muamala wa benki au wa simu unatosha kuanzia. Mwulize mwanasheria yule yule kama pesa hiyo inarudishika, na kama yapo masharti yanayokupa siku za kutafuta mwajiri mwingine kabla kibali hakijafutwa. Nchi kadhaa zinayo. Usipande ndege kwa hofu kabla ya kuuliza.

Haya, tuje kwenye aibu yako, ambayo mimi wala siiiti aibu.

Kuhusu yule mzee, ningekuwa jirani yako ningemnunulia fundi dawa sanifu huyo zawadi. Aliyekuwahi hakukudhalilisha hata kidogo, alifanya kazi yake. Na mtego ulioukanyaga ni wa kweli, si wa uzembe wako. Flomax kwa Mmarekani ni tamsulosini, dawa ya wanaume wenye tezi dume iliyovimba. Nchini Italia jina hilo hilo limebeba dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu. Dilacor imekuwa diltiazemu, dawa ya shinikizo la damu, upande mmoja wa bahari, na digoksini, dawa ya moyo, nchini Serbia, na digoksini si dawa ya kuchezea, kipimo chake cha kuponya na cha kudhuru vinakaribiana mno. Norpramin ni dawa ya sonona Marekani, na Uhispania ilikuwa ya asidi ya tumbo. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliwahi kutoa tahadhari kwa wasafiri kuhusu majina ya namna hii. Kwa hiyo huko ugenini jina la biashara lichukue kama uvumi. Omba boksi, omba cheti, uliza dawa ni ya ugonjwa gani, ndipo utafute jina lake la kitaalamu.

Hata hayo majina ya kitaalamu, ambayo Shirika la Afya Duniani limekuwa likiyaratibu tangu miaka ya 1950 ili dunia nzima iseme neno moja, yana vichwa vigumu vyake. Parasetamoli ikifika Marekani inaitwa asetaminofeni. Salbutamoli inakuwa albuteroli, na glibenklamidi inakuwa gliburaidi. Vipimo navyo hubadilika: sukari ya damu inayosomeka 7 kwa milimoli kwa lita inasomeka 126 kwa miligramu kwa desilita, unazidisha kwa 18. Mgonjwa akikuambia "sukari yangu ni mia na ishirini na sita" na wewe umezoea tarakimu moja, utaruka.

Mimi kilichonikamata kilikuwa mkato. Nilikofanya kazi waliandika desimali kwa mkato badala ya nukta. Daktari mmoja mwenye wino mkavu aliandika 0,5 mimi nikaona 05, nikasoma tano. Tano! Dawa nilikwisha kuipima. Kilichonizuia ni kwamba vidonge vilinionekea vingi kwenye kisahani, mkono ukasita wenyewe. Nilienda stoo nikakaa juu ya boksi la dripu mpaka miguu iliporudi. Tangu siku hiyo nilitembea na daftari dogo mfukoni mwa koti. Upande mmoja jina nilozoea, upande wa pili wanavyosema wao, na chini yake nguvu zinazopatikana kwao, maana dawa niliyoijua kwa kidonge cha miligramu 250 kwao ilianzia 500. Mwezi wa pili nilikuwa silifungui mara kwa mara. Wewe lianze leo, hata kama kaunta unaiacha kwa muda.

Muhimu kuliko majina ni kujua huko dawa ipi inatolewa bila cheti. Hapo ndipo wageni wenye uzoefu huanguka, kwa sababu mkono una mazoea yake. Australia, kwa mfano, kodeini ilikuwa ikinunuliwa famasia bila daktari, na tangu tarehe 1 Februari 2018 haitoki bila cheti. Mtu aliyezoea sheria ya zamani, au ya nchi nyingine, angeikabidhi kwa tabasamu. Omba orodha ya madaraja ya dawa ya nchi hiyo uisome kama ulivyosomea mtihani.

Uzito basi uache uwe uzito. Mfamasia mgeni anayekwenda haraka wiki ya kwanza mimi ningemkimbia. Mgonjwa akilalamika foleni, mwambie unahakikisha dawa yake, wengi hutulia. Lafudhi wacha waicheke. Cha kuhakikisha ni kwamba mgonjwa ameelewa: mwombe akurudishie kwa maneno yake, vidonge vingapi, saa ngapi, kabla au baada ya chakula. Akikosea, rudia. Kwa njia hiyo lafudhi yako haitamdhuru mtu.

Limebaki la mume wako, na hili nitakusema kidogo. Umemdanganya mtu ambaye deni la wakala mnalilipa pamoja. Akikuona umerudi ghafla, au mshahara haukuja, atajaza mwenyewe pengo la maelezo, na watu hawajazi mapengo kwa mema. Mpigie leo. Usianze na machozi, anza na "kuna jambo nilikuficha kwa sababu niliona aibu", umweleze habari ya nywila, umwambie umeamua kutosaini tena na huenda mwezi huu pesa isije. Atanyamaza kwanza. Mwache anyamaze, usimkatie simu.

Na yule dada aliye likizo? Anastahili kujua, ila usimpigie wewe usiku wa manane akiwa na mtoto kifuani. Hilo nalo lipeleke kwa mwanasheria, akuambie njia na siku.

Barua ya mwajiri iandike kabla hujalala. Ukitaka nikusomee kwanza, nitumie. Huwa nachelewa kulala.

Shangazi