Acha Ngao, Anza na Sufuria

Nairobi ukikutana na mtu hachelewi kukuuliza, "Kwenu ni wapi?" Mimi nimezaliwa humu humu, mtaa wa Makongeni, mama Mkamba, baba Mluhya, na nyumbani tuliongea Kiswahili. Nilipoamua kutengeneza sanamu ya kueleza mimi ni nani, nilikimbilia uso mkubwa wa vyuma, shanga shingoni, ngao mkononi. Nililehemu miezi miwili. Siku ya maonyesho mama mmoja wa makamo aliizunguka polepole, kisha akaniuliza, "Hii ngao ni ya watu gani, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeiiga kwenye duka la watalii.

Iliniuma sana, ndiyo maana namwambia kila kijana anayeanza sanaa ya kueleza yeye ni nani: angalia kwanza vitu mlivyokuwa navyo nyumbani. Cyrus Kabiru, msanii mzaliwa wa Nairobi, alitamani miwani utotoni, babake akamwambia akiitaka ajitengenezee. Miwani anayounda kwa waya na vyuma vilivyotupwa imemfikisha mbali duniani, na ilianza na kitu alichonyimwa nyumbani.

Kwetu kulikuwa na sufuria. Mama aliuza uji kwenye steji ya matatu kila alfajiri, na sufuria yake kubwa ilikuwa na masizi yasiyotoka hata kwa jivu. Ukingo umebonyea upande mmoja, pale alipokuwa akigonga mwiko ili uji uliogandia udondoke. Niliutazama huo ubonyeo siku nzima kabla ya kushika nyundo. Kisha nikanunua vifuniko vikuukuu vya sufuria za alumini soko la Gikomba, nikavishona vikawa koti la kufika magotini.

Alumini haikubali mashine ya kawaida ya kulehemu chuma, itayeyuka itoboke. Toboa mashimo, funga kwa ribiti, vile vipini vya kubana bati, au kwa waya, na kunja kila ukingo kwa ndani kabla hujalivaa koti. Mimi nina kovu begani. Ukitaka kuchukua umbo la uso kwa plasta, tumia bendeji za plasta, zile za kufungia mfupa uliovunjika, tena mwenzako awe karibu, kwa sababu plasta ikiganda hupata joto na ikiwa nene huunguza ngozi. Pua iachwe wazi.

Sasa kusimama mbele za watu ukiwa umevaa kazi yako. Usiigize huzuni, wala usitembee polepole kama uko msibani. Jipe kazi ya kweli na uifanye mpaka iishe. Mimi nilivaa koti langu nikapika uji uwanjani mtaani kwetu, kabla ya kufikiria ukumbi wowote. Kila nilipokoroga, vifuniko viligongana, na nikisimama kupumua vilinyamaza. Watoto walikuwa wa kwanza kuelewa, wakapiga makofi kufuata mlio.

Mama alikuja amejifunga leso, akatazama kidogo, akanisogeza kwa kiwiko.

"Mwiko haushikwi hivyo. Lete."

Akakoroga yeye mpaka uji ukaiva, nami nikabaki kando nikigawa vikombe, koti likilia.