Fungu la utafiti lisiachwe nyuma

Wazazi wenzangu hapa Dodoma huniuliza kwa nini familia yetu inachangisha fedha za utafiti wa saratani ya watoto, wakati wodini kuna mama hana nauli ya kurudi Kondoa. Swali ni la haki, na nauli tunachangia pia. Lakini binti yetu yuko hai kwa dawa zilizotafutwa na watu wasiomjua, kwa fedha za watu wasiomjua, miaka mingi kabla hajazaliwa.

Alikuwa na saratani ya figo iitwayo Wilms, ambayo huwapata zaidi watoto wadogo. Mama mkwe ndiye aliyeligundua tumbo akimwogesha: gumu, limevimba upande mmoja, na mtoto anacheza kama kawaida. Majirani walisema bandama. Ukikuta uvimbe wa namna hiyo, usimruhusu kila anayekuja kukupa pole aubonyeze, maana unaweza kupasuka na kusambaza ugonjwa. Mpeleke mtoto hospitali, uombe apigwe ultrasaundi. Mboni ya jicho inayong'aa nyeupe kwenye picha ya simu, taya linalovimba, mkojo wenye damu, homa isiyoisha na michubuko isiyo na sababu, vyote hivyo si vya kusubiri.

Tulipewa rufaa ya Muhimbili. Moja ya dawa zake ilikuwa vinkristini, inayotoka kwenye ule mmea wa maua ya waridi na meupe, wenye asili ya Madagaska, ambao watu wengi wanaupanda kama pambo la nyumba. Miaka ya 1950 watafiti waliuchunguza wakitafuta dawa ya kisukari, wakaona unapunguza chembe nyeupe za damu, na hapo ndipo ikafunguka njia ya kutibu saratani. Dawa hiyo ilimfunga choo binti yangu na kumlegeza miguu, akawa anaburuta vidole sakafuni. Mwambie daktari mapema ukiona hivyo. Na homa wakati wa dawa hizi ni dharura: mtoto anaondoka usiku huohuo, hasubiri kukuche.

Wengi wakisikia utafiti wanawaza maabara za Marekani. Mwaka 1961 daktari Denis Burkitt alitoka Kampala na wenzake wawili kwa gari lililokwisha tumika, wakaenda hadi Afrika Kusini, wakipita Tanganyika, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama wamewaona watoto wenye uvimbe wa taya wa saratani. Ramani aliyoichora ilionyesha ugonjwa unafuata maeneo ya joto na mvua, na leo tunajua malaria na kirusi cha Epstein-Barr vyote vinahusika. Utafiti ule ulikuwa kuuliza na kuandika. Leo pia sehemu kubwa ya kazi ni hiyo. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani hupona, katika nchi maskini ni chini ya 30. Tofauti hiyo inatokana na kuchelewa, vipimo visivyo sahihi, dawa kukosekana na wazazi kukatiza matibabu. Nani anakatiza, na kwa nini? Lazima awepo mtu anayelipwa kupiga simu, kufuatilia na kuandika.

Namna ya kuchangisha tunaijua tayari, maana kamati za harusi tumezikalia wote. Chagueni mwenyekiti na mweka hazina wasiotoka nyumba moja. Fungu la mtoto na fungu la utafiti visilale kwenye namba moja ya simu. Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko wote, kwa sababu fedha zikichanganyika, hata mwaminifu hawezi kujitetea. Fungu la utafiti liende kwenye akaunti ya taasisi yenyewe, na risiti ipigwe picha na kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp siku hiyohiyo. Shirika la Tumaini la Maisha, linalofanya kazi na Muhimbili, ni mahali pazuri pa kuanza kuulizia.

Septemba, mwezi wa saratani ya watoto duniani, hukuta watu wa Dodoma wamevuna zabibu. Ahadi zinazotolewa wakati huo hulipwa. Picha ya mtoto aliyenyonyoka nywele msiitumie kuombea fedha. Atakua, na picha itabaki mitandaoni.

Na wewe mwenyewe ukiletewa fomu ya utafiti wodini, uliza kama utafiti una kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, sampuli zitapelekwa wapi, jina la mtoto litafichwaje, na kama ukikataa matibabu yataendelea vilevile. Hilo la mwisho lazima lijibiwe ndiyo, bila kusitasita. Sisi tulijibiwa hivyo, tukasaini.