Uliza Fundi: Inchi 19 ni za uso, si za boksi

SWALI: Fundi habari, mimi ni DJ mdogo wa Kayole, napiga bashi za mtaa na harusi kidogokidogo. Nilipewa paleti nne bure huko Industrial Area nikazipeleka kwa fundi wa vitanda anitengenezee raki, lile boksi la kufungia mashine za muziki. Kwa kimo nina ampu ya uniti 3, ikwalaiza (ya kurekebisha sauti) ya 2 na krosova (ya kutenga besi na sauti za juu) ya 1. Nikamwambia iwe inchi 19 vile nilisikia watu wakisema. Imetoka safi, vanishi inang'aa, lakini ampu haiingii! Yeye anasema amepima sawa, mimi nasema ampu ni ya inchi 19, tumebishana hadi majirani wakatoka nje. Nani ana makosa? — Msomaji, Kayole

JIBU: Wewe, ndugu yangu, pole. Fundi wa vitanda ukimwambia inchi 19 anapima nje kwa nje kama kabati, na ukitoa mbao ya inchi moja kila upande umebaki na 17 ndani. Ile 19 ni upana wa uso wa ampu pamoja na yale masikio yenye matundu ya skrubu, yaani milimita 482.6, kwa hivyo ndani ya boksi unataka kama 485 ndio iingie bila kukwaruza. Halafu zile reli mbili za mbele za kufungia masikio, kati yake kubaki milimita 450 wazi, mwili wa ampu upite hapo. Usicheke fundi wako, boksi yangu ya kwanza niliharibu hivyo hivyo na ikaishia kulaza kuku.

Usiitupe lakini. Zile mbao za kando ziko sawa, fungua ya juu na ya chini ukate mpya za 485, basi, kama zinakaa katikati ya zile za kando. Kimo nacho, uniti moja ni milimita 44.45. Mashine zako ni uniti 6, ongeza 2 za hewa ziwe 8, hiyo ni 355.6, ongeza milimita mbili tatu juu yake maana mbao hufura mvua ikianza.

Sasa hizo paleti. Kabla hujakata nyingine angalia muhuri uliochomwa kando, ule wenye alama kama shuke la ngano na herufi IPPC. Ukiona HT, mbao ilipashwa moto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30 kuua wadudu, hiyo chukua. Ukiona MB ilifukizwa methaili bromaidi, ambayo ni sumu, iache hukohuko, na isiyo na muhuri au yenye madoa ya mafuta na harufu ya kemikali pia mimi siingizi kwa nyumba hata ikiwa bure. Misumari ya paleti imesokotwa, ukiilazimisha na nyundo mbao inapasuka, afadhali upitishe msumeno wa chuma katikati ya mbao na gogo ukate msumari wenyewe. Na kabla ya randa pitisha sumaku ya spika iliyoungua (najua unayo, nyinyi madj mnazo nyingi) juu ya kila mbao, kila kisumari kilichojificha kitavutwa, la sivyo kisu cha randa cha mtu kimeisha na huyo fundi hatakusalimia tena.

Reli usitumie mbao ya paleti, ni laini, ukifungua na kufunga ampu mara kumi hivi matundu yanalegea. Nenda Kamukunji ukatiwe chuma cha pembe vipande viwili, vitobolewe, hiyo utawaachia wajukuu. Ampu ikae chini kabisa kwa sababu ya uzito, na uipigilie vijiti viwili vya kuibeba kwa nyuma, si masikio peke yake ndio yabebe kilo zote hizo, kwa matatu barabara ya mashimo yatapinda. Uniti moja ya hewa iachwe juu ya ampu, na nyuma usizibe na plaiwudi eti ipendeze. Ampu inapumulia huko, na kama nyumba yako ni ya mabati saa nane mchana unajua mwenyewe.

SWALI: Mzee wangu alituachia deki ya santuri, nimeiweka juu ya raki ya mbao za kitanda cha zamani, pamoja na ampu na wufa, ile spika ya besi. Nikiongeza sauti inaanza kunguruma yenyewe. Deki imeharibika? — Mama wa Githurai

JIBU: Hapana mama, deki ni nzima. Wufa inatikisa raki, raki inatikisa sindano, sindano inarudisha huo mtikiso kwa ampu na inazunguka hivyo hadi ingurume. Toa wufa hapo leo, ikae sakafuni mbali. Deki iweke juu ya kipande cha slabu ya zege, na chini ya slabu ukunje tyubu ya gari. Ukisikia mvumo mdogo hata santuri ikiwa haichezi, hiyo ni transfoma ya ampu iko karibu sana na sindano, sogeza ampu upande ule mwingine polepole huku ukisikiliza, mahali mvumo unapoisha ndipo uiache.