Kabla ya dawa, mtazame usoni

Swali la wiki hii ni "Dawa gani imekusaidia kumaliza viwavijeshi vamizi bustanini?" Limenichoma, wahariri, maana mmeshaamua kwamba jibu ni dawa. Hata mdudu mwenyewe hamjauliza ni yupi.

Huku kwetu Kihonda, Morogoro, kila kinachotoboa jani la mahindi kinaitwa funza. Lakini kuna sota, anayekata mche usiku pale chini. Kuna bungua, anayejichimbia ndani ya bua. Kuna na viwavijeshi wale wa tangu zamani, wanaokuja kwa kundi, wakafyeka kila kitu, kisha wakatoweka. Huyu vamizi wa sasa ni mgeni kutoka bara la Amerika. Alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na 2017 alishaingia nchini, na hana dalili ya kuondoka. Ni kama kantangaze, yule kiwavi mharibifu wa nyanya, naye alikuja hivyohivyo.

Mimi nilifundishwa kumtambua na mama mkwe, aliyekuja kutoka Sumbawanga kumwona mjukuu wakati mahindi ya nyuma ya nyumba yanafika magotini. Nilikuwa nimetoka kununua kichupa duka la pembejeo. Muuzaji hakuniuliza mdudu anafananaje, aliniuliza nina shilingi ngapi. Mama alikisoma kile kichupa mbele na nyuma, akakipandisha juu ya kabati mbali na mtoto, akanyamaza. Nilijua nimesemwa.

Kesho yake umande haujakauka akaniita. "Mwanangu, njoo na kopo." Majani yalikuwa na vidirisha: kimebaki kingozi cheupe tu, unaona mwanga upande wa pili. Moyo wa mhindi, pale katikati majani machanga yanapochomoza, umejaa kinyesi kama maranda ya fundi seremala yaliyolowa. Mama akapanua majani kwa vidole gumba, akamtoa kiwavi, akamlaza kiganjani mwangu. Mimi nina kinyaa na wadudu, ila mbele ya mama mkwe utarukia wapi?

"Mtazame usoni."

Kichwani alikuwa na mchoro mweupe wa Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia, madoa manne meusi yamejipanga mraba. "Mwenye hayo yote mawili ndiye. Asipokuwa nayo, usimhukumu kwanza."

Karibu kila mhindi tulikuta mkubwa mmoja tu. Nikauliza, mama, wenzake wako wapi? "Amewala." Nikadhani ananitania. Kumbe kweli, wakikua wanakulana. Tukageuza na majani kutafuta mayai: vifungu vilivyofunikwa na kitu kama manyoya ya kijivu, unavisaga palepale kwa kidole. Viwavi wa kwenye kopo wakaenda kwa kuku. Mwishoni akatia majivu makavu kidogokidogo kwenye kila moyo wa mhindi, nami moyoni nikasema huu sasa uganga. Tukarudia mpaka mama alipoondoka, na mahindi tukala. Kama ni majivu au ni kule kuokota, siwezi kuapa.

Nilikaa kuandika nikitaka kusema achaneni na dawa kabisa. Ila nikimfikiria jirani yangu mwenye ekari tatu kule Mvomero, naona kopo la mama halimfai. Aokote mpaka lini? Yeye apulizie, tena mapema, viwavi wakiwa bado wadogo, jioni wanapotoka kula, bomba likielekezwa kwenye moyo wa mhindi. Wakishakuwa wakubwa wanajiziba na kinyesi chao na dawa inaishia juu. Na asishikilie aina moja ya dawa msimu hadi msimu, mdudu huyu ni hodari wa kuizoea.

Kwa hiyo jibu langu ni dawa? Kwa jirani, ndiyo. Kwa bustani ya nyuma ya nyumba, mikono, isipokuwa mvua zikikatika, maana kwenye ukame wanazidi na mimi sina tena mama mkwe wa kuniamsha alfajiri. Hapo huenda nikapanda juu ya kiti nikishushe kile kichupa, kama hakijaisha muda wake. Lakini wakishaingia ndani ya hindi lenyewe usihangaike, dawa haiwafikii tena. Hela hiyo nunua dagaa.