Mlima Ufanye Kazi ya Pompa: Ushauri kwa Bukavu Kuhusu Moto

Ukitaka kuelewa kwa nini moto wa Kadutu, mojawapo ya komine (manispaa) za Bukavu mashariki mwa Kongo, haukubali kuzimika, anza na mapaa. Nyumba za mbao zimebanana, bati la huyu limelala juu ya bati la jirani. Hewa ya moto inapanda ukutani, inakwama chini ya bati, inatambaa kutafuta upenyo, na upenyo wa karibu ni dari ya nyumba ya pili. Mteremko unaongeza balaa: moto unapanda mlima haraka kuliko unavyoshuka, kwa kuwa joto lake linazichoma mbao za juu kabla ndimi za moto hazijazigusa. Kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane, mbao hizo zimeshakauka zenyewe.

Bukavu inahitaji vituo zaidi na wazima moto zaidi. Hilo tunalisema bila kuzunguka. Lakini tukiomba magari peke yake, tumeomba nusu ya dawa.

Fanyeni hesabu. Gari la lita 4,000 limebeba bidoni 200 za lita 20. Mipira miwili ya maji ya milimita 45, kila mmoja ukitoa lita 250 kwa dakika, inalimaliza kwa dakika 8. Gari linaondoka kutafuta maji, na moto unapata nafasi ya kurudi. Halafu kuna kimo. Kila mita 10 za kupanda zinakula bari 1 (kipimo cha msukumo) ya nguvu ya maji. Gari limesimama barabarani, nyumba inayoungua iko mita 40 juu, ndani ya kijia ambacho hata pikipiki inapita kwa shida: bari 4 zimekwisha kwa kupanda tu, bado msuguano wa ndani ya mpira. Pompa ikisukuma bari 8, kule juu hazibaki hata 4, na lansi (bomba la mkononi la kurushia maji) nyingi za magari ya kisasa zinataka kama 6. Maji yanadondoka badala ya kuruka. Watu waliopoteza kila kitu wanadhani wazima moto hawajui kazi, na hasira inawashukia vijana wasio na kosa.

Geuzeni hesabu hiyo. Tangi la lita 40,000 likiwekwa juu ya mtaa, kila mita 10 za kushuka zinakupa bari 1 bure, bila mafuta wala umeme wa SNEL. Mita 50 chini yake una bari 5. Lansi nyepesi yenye mdomo wa milimita 12 inatosheka na bari 3 na inatoa lita kama 160 kwa dakika. Mbili zikifanya kazi pamoja, tangi linadumu zaidi ya saa mbili. Bomba la kushusha liwe la milimita 100, na kila mita 100 kuwe na koki ya kuungia mpira. Mipira mitano ya mita 20 inafika popote katikati ya koki mbili na kuingia ndani ya vijia. Nyumba zilizo mita 30 za kwanza chini ya tangi hazitapata nguvu hiyo. Kwao wekeni motopompa ndogo palepale.

Mambo mawili yanaharibu kazi hii. La kwanza, akina mama wakikosa maji ya Regideso watachota tangini, na wana haki. Msiwafungie. Toeni bomba la kuchotea katikati ya kimo cha tangi, na bomba la moto chini kabisa. Hivyo nusu ya maji inabaki siku zote. La pili ni udongo wetu. Lita 40,000 ni tani 40, na tunajua milima hii inavyoporomoka. Afadhali matangi mawili ya lita 20,000 mahali pagumu, yenye mfereji wa kupeleka maji ya kumwagika mbali na msingi, kuliko moja kubwa litakaloshuka na nyumba za watu.

Vituo vipangwe kwa dakika, si kwa mipaka ya komine. Kwenye msongamano wa barabara ya Essence kwenda Panzi, gari likienda kilomita 15 kwa saa linatumia dakika 4 kwa kila kilomita. Kituo kilicho kilomita 6 kinafika baada ya dakika 24, na wakati huo kinakuta majivu. Kadutu, Bagira na upande wa Panzi, kila mmoja uwe na kituo chake, hata kama ni kibanda chenye gari dogo. Gari moja linataka watu 6: kiongozi, dereva anayejua pompa, na jozi mbili za wazima moto. Wakifanya kazi saa 24 na kupumzika 48, ni timu tatu, watu 18. Ongezeni 4 kwa likizo na magonjwa. Kununua gari bila kuandika mishahara ya watu 22 ni kununua chuma cha kuegesha.

Magari ya msaada hutoka nchi mbalimbali, na viungo vya mipira yao havishikani. Kabla ya kupokea gari, chagueni aina moja ya kiungo kwa mji mzima, mchonge vigeuzio vya kuunganisha viungo vya aina nyingine. Ziwa Kivu nalo halinyonyeki popote: kwa mwinuko wetu wa karibu mita 1,500, hewa ni nyepesi, na pompa haivuti vizuri maji yaliyo chini yake zaidi ya mita 6. Tafuteni mapema sehemu za ufuko ambapo gari linaweza kukaribia hivyo, mzimwagie zege.

Siku ya salongo (kazi ya pamoja ya usafi), kabla ya kufagia mitaro, mkuu wa avenyu (mtaa) afungue kila koki ya moto mpaka maji yatoke safi. Koki iliyokwama iandikwe siku hiyohiyo na ibadilishwe ndani ya wiki. Mpira uliotumika uanikwe kivulini hadi ukauke. Ukikunjwa na unyevu unaoza ndani, na unapasuka siku maji yanapofunguliwa kwa nguvu zote.