Mavazi ya Mtaani Ukishaanza Kuamkiwa Shikamoo

Siku vijana wa bodaboda wanapoacha kukuita braza na kuanza kukuita mshua, hupewi taarifa kabla. Unasikia tu, "Mshua, twende?" Unageuka nyuma kumtafuta mshua mwenyewe, kumbe ni wewe. Wiki hiyohiyo mtoto wa jirani anakuamkia shikamoo, na kwenye daladala kijana wa chuo anainuka akupishe kiti. Na wewe hapo umevaa jezi ya mpira wa kikapu inayokaribia magoti, jinzi pana, raba nyeupe na kapelo uliyoipindisha upande.

Nawaandikia wanaume wa rika langu, hasa wa Dar na miji inayofanana nayo, waliokulia kwenye mavazi ya hip hop na sasa wana kazi, watoto na vikao vya harusi visivyoisha. Akina dada wana mambo yao kwenye hili, na wanayajua kuliko mimi.

Kwanza tukumbushane mavazi yale yalitufikiaje. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Kabla ya hapo, ukitaka kuona wanamuziki wa Marekani wanavaaje ulikwenda kwa mwenye deki, ukakaa sakafuni na wenzako, mkaangalia kanda iliyochakaa. Kundi la Kwanza Unit walishaanza kuchana, yaani kurap, mwaka 1993, na sisi wadogo tuliokuja nyuma tulijifunza mavazi kabla hata ya kujifunza mashairi. Nguo zenyewe zililetwa na mitumba, iliyofunguliwa mlango katikati ya miaka ya 1980 biashara ilipolegezwa. Belo linapofunguliwa pale soko la Karume, unakuta jinzi ya kiuno 40, imeshavaliwa na baba wa watu huko Marekani, mwenye kitambi chake cha halali. Kijana mwembamba wa Temeke anaivaa, inashuka, anaiacha ishuke. Wakaiita kata K. Mimi naamini nusu ya mtindo wetu ilikuwa ni saizi za watu wengine tu.

Wazee wakatuita wahuni. Lakini wazee haohao ujana wao walivaa bugaluu, suruali pana chini, na raizoni, viatu vya soli nene, na hata kabla ya hapo, mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Enzi hizo mhuni ni aliyebana. Zamu yetu mhuni akawa aliyelegeza. Wadogo zetu wakaja na modo, suruali imeganda mguuni kama soksi, nao wakaitwa wahuni. Kwa hiyo hukumu haijawahi kukaa kwenye upana wa suruali. Nalisema hili kwa sababu wengi wakifika miaka thelathini na kitu hudhani utu uzima ni kutupa kila kitu, kununua suruali ya kitambaa inayong'aa, viatu vya moka vilivyochongoka, na mkanda wenye bizimu kubwa la dhahabu. Hapo umetoka mtindo mmoja ukaingia mwingine, tena mbaya zaidi.

Mimi natumia kipimo kimoja, nakiita kipimo cha msiba. Jumamosi asubuhi, kabla sijatoka nyumbani, najiuliza: simu ikiita sasa hivi nikiwa Kariakoo, nikaambiwa mama yake fulani amefariki, naweza kwenda moja kwa moja hivi nilivyo? Ukishakuwa mtu mzima mjini hapa, hiyo si simu ya kufikirika. Inaita. Na huna muda wa kurudi Mbagala kubadilisha, foleni unaijua. Unafika, wanaume wamekaa chini ya turubai, kuna viti vya plastiki na mkeka. Ukipata mkeka, unavua viatu mbele za watu, na hapo ndipo soksi zako zinatoa ushahidi. Unakaa chini na suruali ya kata K, shati linapanda, na mzee wa nyuma yako anajua rangi ya bukta yako. Ukiinuka kwenda kusaidia kubeba jeneza, mkono mmoja umebeba na mwingine umeshika suruali.

Kipimo hiki hakiniambii nivae suti. Watu wengi wanaoheshimika msibani hawana suti. Kinaniambia vitu vitatu tu kwa mpigo: suruali ikae kiunoni bila kushikwa, kifua kisiwe na maneno ya kunilazimu kutoa maelezo, na viatu viwe safi na viweze kuvulika bila fedheha. Nguo inayopita hapo inapita pia shuleni kwa mwalimu wa mtoto, ofisi ya serikali ya mtaa, na wodini saa ya kuona wagonjwa. Kazi yangu ni ya kutoa mizigo bandarini, nusu ya siku nipo juani kati ya makontena na nusu nipo mbele ya meza ya mtu mwenye muhuri. Nimeona jinsi mtu mwenye muhuri anavyokutazama kuanzia chini kwenda juu. Si haki, lakini ndivyo anavyotazama.

Tukianza na suruali, upana si tatizo. Mimi bado navaa pana. Kinachobadilika ni kiuno. Nunua inayokutosha kiunoni, kisha acha mguu uwe mpana unavyotaka. Ukipenda ya mtumba iliyozidi, mpelekee fundi cherehani, lakini jua mipaka yake: kiuno hupunguzwa kwenye mshono wa nyuma, na ukizidisha inchi mbili mifuko ya nyuma inaanza kusogeleana mpaka inapigana busu. Kwa jinzi, mwambie apunguze mguu kwa mshono wa nje, kwa sababu ule wa ndani mara nyingi umeshonwa dabo na ukiufumua haurudi ulivyokuwa. Pindo nalo, mwambie alihifadhi lile la kiwandani alirudishie, usikubali akate akakunja tu. Urefu uishie juu ya kiatu na mkunjo mmoja mdogo. Kitambaa kikijirundika chini kama pazia, hata jinzi ya bei itaonekana ya kuazima.

Shati na tisheti, angalia bega kabla hujaangalia kingine chochote. Mshono wa bega ukae pale mfupa unapoishia. Ubavu fundi atapunguza, mikono atapunguza, lakini bega lililoning'inia ni kazi ya kufumua nguo nzima, na fundi mkweli atakwambia acha. Hili ndilo linalotofautisha mtu aliyechagua nguo pana na mtu aliyevaa nguo ya kaka yake.

Maandishi ndiyo yaliyonichukua muda. Mitumba inakuja na maneno, na ukiwa kijana husomi. Baadaye unakuta mtoto wako amejifunza kusoma na anakuuliza mbele ya wageni, "Baba, hapo wameandika nini?" Siku hizi kifua changu hakina neno. Nabaki na tisheti nyeusi, nyeupe, kijani cha jeshi, zile nzito zisizoonyesha singlendi, na fulana za kola ambazo wauzaji wanaziita fomu siksi. Hizo fomu siksi wengi wanazidharau wakidhani ni sare za mlinzi. Ukipata ya pamba nzito, kola iliyosimama, ukaivaa na jinzi nyeusi na raba safi, umevaa kijana na umevaa mtu mzima kwa wakati mmoja. Jezi sijaziacha. Nazivaa uwanjani, ufukweni Coco, na nyumbani Jumapili. Nimezipa mahali pake.

Kuhusu joto nitasema kidogo, maana kila mkazi wa Dar analijua: polista inanata na inanuka ifikapo saa sita. Jezi ni polista, suruali nyingi zinazong'aa ni polista. Pamba inapumua. Kitani kinapumua zaidi ila kinakunjamana, na mimi nimekubali kukunjamana.

Raba usiziache. Huu ndio ushauri unaonigombanisha na watu wengi, hasa wakwe. Raba nyeupe ya ngozi, isiyo na rangi nane wala taa kisigino, inakwenda na suruali ya kadeti, na jinzi, hata na suti isiyo rasmi. Ila nyeupe maana yake nyeupe. Mswaki wa zamani, sabuni ya unga kidogo, kamba unazifua peke yake, kisha unaanika kivulini, kwa sababu jua kali linageuza soli kuwa njano. Pea mbili zinazotunzwa zinatosha kuliko pea saba zenye tope la Jangwani.

Kapelo, vua ukiingia ndani na ukisalimiana na mkubwa, basi. Cheni moja nyembamba ndani ya shati haimkeri mtu. Hereni kwa mwanaume, amua mwenyewe na uzee wako.

Kuna jambo linaloletwa sana kwenye mabishano haya: wale wasanii wa hip hop waliokuwa kioo chetu. Sugu aliingia bungeni mwaka 2010 kwa jimbo la Mbeya Mjini, Profesa Jay akafuata mwaka 2015 kwa Mikumi, Mwana FA mwaka 2020 kwa Muheza, na kisha akawa naibu waziri. Watu husema, umeona, hata wao wameacha, wanavaa suti. Kweli walivaa, lakini bunge lina kanuni za mavazi. Wewe hakuna kanuni inayokuvalisha ukienda kununua samaki Feri. Mbunge si mfano mzuri wa mavazi ya mtu wa kawaida, hata kama zamani mlikariri mashairi yake.

Mimi mfano wangu naupata kwingine, kwa mafundi wa redio, madereva wa malori ya masafa, walimu wa sekondari wenye miaka arobaini na kitu wanaovaa shati la kitenge lililoshonwa likakaa, mikono imefika juu kidogo ya kiwiko, na chini jinzi ya kawaida. Kitenge kwa kijana wa hip hop ni daraja zuri: kina rangi, kina kelele yake, na hakuna atakayekuita mhuni. Chagua mchoro wenye rangi mbili au tatu, mwambie fundi aoanishe mchoro pale vifungo vinapokutana na kwenye mfuko wa kifua. Akikushangaa, tafuta fundi mwingine. Ndugu zangu Waislamu kanzu ya Ijumaa mnayo tayari, na kanzu iliyopigwa pasi juu ya raba nyeupe nimeiona Magomeni ikipendeza kuliko suti nyingi za harusini.

Usibadilishe kabati zima kwa mshahara mmoja. Anza na suruali mbili kwa fundi, uone zinavyokaa, kisha uhamie mashati. Na tafadhali usizipeleke wiki ya Idi, wala Desemba karibu na Krismasi, wala Januari shule zinapofunguliwa. Fundi atakwambia njoo kesho, na kesho yake utamkuta amelalia cherehani, suruali yako ipo chini kabisa ya sare za watoto.