Spishi 300 kwa mwaka mmoja: ushauri kwa anayetaka kuhesabu ndege

Kilichoniingiza kwenye ndege ni mlio wa nyundo. Asubuhi tatu mfululizo nilisikia mtu akigonga mbao nyuma ya nyumba, siku ya nne nikatoka kumtafuta. Hakukuwa na mtu. Juu ya tawi kavu alikuwepo kigong'ota, mkia kauegemeza kwenye gome kama mguu wa tatu. Anagonga, anainamisha kichwa kana kwamba anasikiliza, anagonga tena. Nilimtazama mpaka shingo ikauma. Mti ule nilikuwa nimepita chini yake miaka mingi bila kuinua macho.

Miaka miwili baadaye nikajiwekea lengo la kuona spishi 300 kuanzia Januari 1 hadi Desemba 31. Wapo waliofanya makubwa zaidi. Mwaka 2015 Mmarekani Noah Strycker alizunguka mabara yote saba akaona spishi 6,042, na mwaka uliofuata Mholanzi Arjan Dwarshuis akampita kwa kufikisha zaidi ya 6,800. Dunia nzima ina takriban 11,000. Mimi nilikuwa na ajira na siku mbili za mapumziko kwa wiki, kwa hiyo ushauri huu ni wa mtu mwenye maisha ya namna hiyo.

Kwanza darubini. Nilianza na ya 12x50 nikiamini kwamba inayokuza zaidi ndiyo bora. Ilikuwa nzito, na kila nilipoishika picha ilicheza. Chukua 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ikikuza kwa kiasi, unaona eneo pana zaidi, na ndege unampata kabla hajaruka. Ukimwona, usimwondolee macho. Darubini ndiyo ipande ikufuate usoni. Zoezi hilo dogo lilinipa ndege wengi kuliko safari yoyote.

Kosa langu kubwa lilikuwa kukimbia huku na huko. Kila mwisho wa wiki nilikwenda mahali papya, na hadi Machi inaisha nilikuwa na spishi 164. Aprili nzima nikapata tisa tu. Ndivyo hesabu ya mwaka inavyokwenda: ndege wa kawaida wote ni wapya mwezi wa kwanza, kisha kila anayebaki anakudai siku nzima. Nilikuwa nimechoka na karibu niache.

Karibu na nyumbani kuna bwawa dogo ambalo nilikuwa nimelipitia mara moja nikaliona halina kitu. Nikaanza kwenda pale mara mbili kwa wiki, jua likichomoza, kabla ya kazi. Saa mbili za kwanza baada ya mapambazuko ndege wanaimba na kula kwa bidii. Mchana bwawa lilelile linakuwa kimya. Baada ya wiki kadhaa nilijua nani anakaa wapi, na mgeni akija nilimtambua mara moja, kama mtu anavyogundua kwamba kiti kimesogezwa nyumbani kwake. Bwawa hilo peke yake liliniongezea spishi 38. Chagua mahali pako pa kurudia kabla mwaka haujaanza.

Jua pia tarehe za wahamiaji wa eneo lako, wanaofika lini na wanaondoka lini, na panga likizo zako kwa kuzifuata. Mkazi wa kudumu atakusubiri. Mhamiaji anayepita wiki mbili hakusubiri, na nililipia somo hilo kwa kuwakosa watatu.

Kuhusu uaminifu wa orodha nina msimamo mkali. Machi niliandika kitwitwi (ndege mdogo wa kando ya maji) mmoja wa nadra niliyemwona kwenye tope, mbali, jua likiwa nyuma yake. Oktoba, baada ya miezi ya kuwatazama vitwitwi wa kawaida pale bwawani, nikafungua daftari na kusoma nilichoandika siku ile: "anatikisa nyuma bila kupumzika, weupe wa kifuani unapanda mbele ya bawa." Ni maelezo ya kitwitwi wa kawaida kabisa. Nikamfuta, namba ikarudi kutoka 251 hadi 250. Iliuma, lakini nilifurahi kwamba nilikuwa nimeandika nilichokiona, si jina pekee. Andika umbo la mdomo, rangi ya miguu, anavyotembea, anavyokula. Jina lifuate.

Programu za simu zinazotambua sauti zinasaidia sana, ila zichukue kama mtu anayekunong'oneza "tazama kule." Mtafute ndege mwenyewe ndipo uhesabu. Na tafadhali, usicheze sauti zilizorekodiwa karibu na viota ili kumvuta ndege. Dume anaacha kazi yake kuja kumfukuza mpinzani asiyekuwepo, na mayai au makinda ndiyo yanayoumia.

Desemba 31 nilikuwa na 287. Nililala siku hiyo nikiwa na huzuni kwa zile 13, sitaficha. Asubuhi yake nilikuwa bwawani tena, na mwaka huu nahesabu tu ninaowafikia kwa miguu kutoka mlangoni kwangu. Hadi jana wamefika 96.